Maelekezo kwa Akili Unde na Programu Inayomfikia Mtumiaji

Timu nyingi zinazotengeneza programu za simu siku hizi huanza na mradi mdogo ndani ya mradi mkubwa. Kabla msaidizi wa akili unde hajaandika msimbo wowote, humwandalia maelekezo: faili la maandishi ya kawaida, mara nyingi AGENTS.md, linalokaa ndani ya folda ya mradi ili alisome kila anapopewa kazi. Sehemu inayozua ubishi zaidi ni ile ya hali ya programu, yaani yote ambayo programu inatakiwa kuyakumbuka wakati mtu anaitumia: ameingia kwa akaunti gani, kapuni mna nini, fomu ameijaza hadi wapi, malipo yamepita au bado yanasubiri.

Maelekezo yenyewe huwa na mantiki. Timu inayotumia Flutter, zana ya kujengea programu za simu, kwa mfano, huchagua njia moja ya kutunza hali kati ya Bloc, Riverpod na Provider, ikaandika kwamba kila taarifa itunzwe mahali pamoja tu, na kwamba msimbo wa skrini usichanganywe na ule unaozungumza na seva. Kanuni hizi zimetokana na hitilafu za kweli zilizowatesa watu miaka mingi. Kasoro iko kwenye kalenda. Ujenzi hupewa wiki, tathmini hupewa siku za mwisho, na ujenzi ukichelewa siku zinazoliwa ni hizohizo za tathmini.

Ujenzi ukianza, kasi huonekana mara moja, na ni faida halisi. Skrini iliyokuwa ikila siku nzima hupatikana kwa saa chache. Msaidizi hushika vizuri maelekezo yanayoonekana kwenye maandishi ya msimbo: majina ya mafaili, mpangilio wa folda, maktaba iliyochaguliwa. Huteleza pale maelekezo yasipotaja toleo. Riverpod 3, iliyotoka mwaka 2025, iliziweka kando StateProvider na StateNotifierProvider kama njia za zamani, lakini msaidizi aliyejifunza kwa msimbo wa miaka ya nyuma huzirudia kwa sababu ndizo alizozikuta kwa wingi. Mstari mmoja wenye namba ya toleo na mfano mfupi hupunguza sana tatizo hilo.

Yanayoishia njiani ni yale yanayohusu mwenendo wa programu mkononi mwa mtu. Skrini inayoleta orodha kutoka kwenye seva ina angalau hali nne: inasubiri, imepata, imepata lakini hakuna kitu cha kuonyesha, na imeshindwa. Mbili za kwanza hujengwa, kwa kuwa ndizo zinazoonekana siku ya maonyesho. Mbili za mwisho mara nyingi huachwa na neno fupi la hitilafu, bila kitufe cha kujaribu tena.

Zito zaidi ni kumbukumbu ya simu. Android huwa na haki ya kuizima programu iliyo nyuma pindi RAM inapobana, na kwenye simu ya GB 2 hilo hutokea mara kwa mara. Mfikirie mteja anayelipia bidhaa kwa pesa za simu. Kidirisha cha PIN kinamtokea, anaweka PIN, kisha anafungua ujumbe mfupi kuhakikisha kwamba pesa zimekatwa. Anaporudi, programu imeanza upya, kapu ni tupu na hakuna dalili ya malipo. Wengine hupiga simu kulalamika, wengine hulipa mara ya pili. Ukiusoma msimbo wa skrini ile, unaweza kukuta umefuata kila kanuni iliyoandikwa kwenye faili: hali itunzwe mahali pamoja, ikatunzwa; skrini itenganishwe na msimbo wa seva, ikatenganishwa. Hakuna aliyeandika kwamba oda inayosubiri malipo ihifadhiwe nje ya RAM, wala kwamba programu ikiamka iiulize seva kwanza.

Ndiyo maana tathmini ya kusoma msimbo peke yake haitoshi. Kazi ileile inabidi itolewe pamoja na maelekezo na bila maelekezo, tena zaidi ya mara moja, kwa kuwa msaidizi hajibu vilevile kila anapoulizwa. Kisha matokeo yawekwe kwenye simu halisi: izungushwe, data izimwe katikati ya malipo, programu ifungwe kwa nguvu ikiwa nyuma na kufunguliwa tena. Kazi hiyo inachosha, nayo haina njia ya mkato.

Gharama hukua polepole. Kila hitilafu ikigunduliwa, mstari mmoja huongezwa kwenye faili, hadi maelekezo ya ukurasa mmoja yanakuwa mengi na baadhi yanapingana. Faili lote husomwa katika kila ombi na maneno yake yote hulipiwa, na kadiri linavyorefuka ndivyo baadhi ya kanuni zinavyopuuzwa. Wakati huohuo msimbo unakuja kwa wingi kuliko wakaguzi wanavyoweza kuusoma. Kiasi kikubwa cha muda uliookolewa kwenye uandishi huhamia kwenye ukaguzi, na bajeti nyingi hazikutenga fungu hilo.

Naona kanuni ya hali ya programu isiingie kwenye faili bila jaribio lake, na neno “imekamilika” lifafanuliwe kwa watumiaji walio mbali zaidi na meza ya mtengenezaji: mwenye simu ya bei nafuu, mwenye mtandao unaokatika, na asiyeona anayetegemea TalkBack, kisoma skrini cha Android, ambaye skrini ikitoka kwenye kusubiri kwenda kwenye kushindwa bila kutamkwa hubaki anangoja kitu kisichokuja. Kupanga hivyo kunasogeza mbele tarehe ya uzinduzi. Mwenye fedha aambiwe hilo kwenye kikao cha kwanza, wakati bado anaweza kuchagua skrini zipi zitoke mwanzo na zipi zisubiri toleo linalofuata.