Kolwezi: reli ya Lobito inafufuka, nyumba za kando ya reli zitakwenda wapi?

Wakati reli ya kutoka Kolwezi hadi bandari ya Lobito inafufuliwa ili ibebe shaba na kobalti, wakaaji wa Bel Air, kartie iliyo kando ya reli hiyo mjini Kolwezi, wanaishi na wasiwasi. Mwaka 2025 shirika la Global Witness lilikadiria kwamba majengo hadi 1,200 yanaweza kubomolewa, na watu hadi 6,500 wanaweza kupoteza makao.

Ni watu wachache wanaopinga reli. Wengi wanataka kujua jambo moja: baada ya kubomoa, kando ya reli kutabaki uzio tu, au kutajengwa kartie ambamo watu wataishi, watauza na watapanda treni?

Mawe ndiyo abiria

Kutoka Kolwezi hadi Lobito ni kilomita karibu 1,739. Kilomita 450 hivi ziko Congo, mikononi mwa SNCC. Zilizobaki ziko Angola. Njia hiyo ilikamilika mwaka 1931, kisha vita vya Angola vikaikata kuanzia 1975. Mwaka 2022 Angola iliipa Lobito Atlantic Railway, muungano wa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, haki ya kuendesha upande wake kwa miaka 30.

Shaba ya majaribio kutoka Kamoa-Kakula ilifika Lobito kwa siku nane hivi. Kwa lori hadi Durban, safari huchukua siku karibu 25. Ndiyo sababu Marekani na Umoja wa Ulaya wanaunga mkono mradi huu. Lakini hesabu hizo zote ni za tani. Mama anayeleta makala na unga kutoka vijijini hahesabiwi humo.

Kartie ya stesheni ni nini?

Wataalamu wa miji wana kanuni nyepesi. Mtu akishuka kwenye treni, kwa dakika kumi za miguu, yaani mita 800 hivi, awe amefika sokoni, kwenye dispensari, shuleni au nyumbani. Chini ya jengo panakuwa na duka, juu vyumba vya kupanga. Taksi-moto zinapewa mahali pao, watembea kwa miguu wanapewa daraja la kuvuka reli, na maji ya mvua yanapewa mfereji.

Kolwezi ilijengwa kinyume cha hayo. Union Minière ilipoanzisha mji mwaka 1937, iliweka mji wa Wazungu upande wake na kambi za wafanyakazi upande wao, karibu na migodi. Reli ilikuwa ya shaba. Mgawanyo huo bado unaonekana: wengi hulala mbali na kazi na soko, na kila asubuhi sehemu ya pato la siku inabaki kwa mwenye pikipiki.

Mji unaojua kuhamishwa

Mwaka 2014, mkaaji wa Kasulo alichimba katika parseli yake akakuta kobalti. Mwaka 2017 sehemu ya kartie ikazungushiwa ukuta na kupewa kampuni ya CDM, na familia zikaondoka. Katika Cité Gécamines, mgodi wa COMMUS umesogea hadi karibu na nyumba. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2023 ilieleza jinsi wakaaji wanavyoondolewa. Anayelipwa pesa bila kuonyeshwa mahali pa kwenda hukuta bei ya viwanja imepanda kabla hajamaliza kufunga mizigo.

Kibera walifanyaje?

Jijini Nairobi, mwaka 2004, wakaaji wa kando ya reli huko Kibera walipewa notisi ya siku 30. Wakapinga. Shirika la Pamoja Trust likasaidia viongozi wa wakaaji na maofisa wa reli kwenda Mumbai, India, kuona jinsi watu wa kando ya reli walivyohamishwa kule. Baadaye, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, watu walihesabiwa mmoja mmoja, upana wa eneo la usalama ukapunguzwa, na pembeni vikajengwa vyumba, vibanda vya biashara, ukuta na madaraja ya miguu. Kazi ilichukua zaidi ya miaka kumi na malalamiko hayakukosekana. Hata hivyo, wengi walibaki karibu na kazi zao.

Maswali ya kuuliza sasa

Katiba yetu, kifungu cha 34, inataka fidia ya haki itolewe kabla mtu hajanyang'anywa mali kwa manufaa ya umma. Sheria ya tarehe 22 Februari 1977 inaeleza utaratibu wake. Lakini mpangaji hana hati ya kiwanja, wala mwenye kibanda. Hao ndio huwa wa kwanza kusahauliwa.

Kwa hiyo, kabla trekta halijafika, wakaaji wana haki ya kuuliza: Eneo la usalama litakuwa la mita ngapi kila upande? Nani atahesabu watu, na wapangaji watahesabiwa? Treni ya abiria itasimama Kolwezi, au ya mizigo tu? Na ardhi iliyo karibu na stesheni, ambayo bei yake itapanda, itauzwa kwa nani?

Majibu yanapaswa kubandikwa pamoja na ramani kwenye ofisi za komini za Dilala na Manika, kwa Kiswahili, mahali ambapo kila mtu anaweza kuyasoma. Ramani ikichorwa mapema, bado kuna nafasi ya kusogeza mstari. Nyumba ikishabomolewa, kinachobaki ni kesi tu.