Mwendo wa pole nao huchoma mafuta

Wapo akina mama ambao, wakishaambiwa na daktari wapunguze uzito, huamka alfajiri na kuanza kukimbia barabarani. Siku ya tatu magoti yanauma, pumzi haitoshi, na vijana wa kijiweni wanacheka. Siku ya nne viatu viko uvunguni, na fedha zinakwenda kwenye dawa za kupunguza unene ambazo aliyezitengeneza hajulikani. Juma hili nataka tuelewane jambo moja: mama mnene halazimiki kukimbia ili mwili wake utumie mafuta.

Mwili wetu una kuni za aina mbili, yaani sukari na mafuta. Mtu anapotembea taratibu, sehemu kubwa ya nguvu yake hutokana na mafuta. Akiongeza kasi hadi akahema, misuli hugeukia sukari, kwa kuwa hiyo hutoa nguvu haraka zaidi. Mgeuko huo ulielezwa mwaka 1994 na wataalamu George Brooks wa Marekani na Jacques Mercier wa Ufaransa. Kwa mtu mnene asiyezoea mazoezi, kwa kawaida mgeuko huja mapema. Basi atembee kwa mwendo unaomwezesha kuzungumza na mwenzake, ingawa kuimba hawezi.

Hata hivyo, tusidanganyane. Kutembea nusu saa hutumia nguvu inayokaribiana na ile ya chupa moja ya soda ya mililita 300, wakati kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori zipatazo 7,700. Kama sahani ya chakula haikupungua, mizani yaweza kubaki palepale.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na si haki. Misuli iliyozoeshwa huongeza uwezo wa kuchoma mafuta, insulini hufanya kazi vizuri zaidi, na mafuta yaliyozunguka ini na utumbo, yanayochangia kisukari na maradhi ya moyo, huweza kupungua hata kama mizani haijasogea. Pima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, nao utakueleza.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano inatosha kuanzia. Mwenye shinikizo la damu au kisukari amwone daktari kwanza. Nanyi akina baba, badala ya kumcheka mama, fuataneni naye.

Hadi juma lijalo.