Baiskeli Bonde la Kerio: Hatari Iko Kwenye Kurudi

Anayeshuka kwa baiskeli kutoka Iten hadi daraja la Chebloch mwezi wa Februari huanza safari akiwa amevaa koti. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mto Kerio uko zaidi ya mita 1,000 chini yake, na kwa kawaida joto huongezeka nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000.

Kushuka ni rahisi, mradi breki zifinywe kwa vipindi. Zikishikwa mfululizo rimu hupata moto na tairi laweza kupasuka. Taabu ni kupanda. Mlima wa Tambach ukimkuta mtu saa saba mchana, mwendo ni wa polepole, upepo wa kukausha jasho haupo, na mwili hushindwa kujipoza.

Wakazi wanashauriwa kuondoka alfajiri, kubeba maji ya kutosha na kugeuza kabla ya saa tatu. Aliyechelewa ni heri apakie baiskeli kwenye matatu. Kujitosa mtoni si dawa: Kerio ina mamba.

Mwendeshaji akianza kuongea ovyo au kupepesuka, alazwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, na apelekwe hospitalini mara moja, hata akisema yuko sawa.