Skuta ya umeme: ya kwako au ya kukodi?

Ingia dukani London, lipa, utoke na skuta ya umeme ya kusimama. Muuzaji hajakosa, wala wewe hujakosa. Kosa linaanza gurudumu linapogusa barabara ya umma. Sheria ya barabarani ya Uingereza ya mwaka 1988 inaihesabu skuta hiyo kuwa chombo cha moto kama gari, kwa hiyo inadaiwa bima, usajili na kodi, masharti ambayo skuta ya dukani haina namna ya kuyatimiza. Ukikamatwa bila bima, adhabu ni pauni 300 na alama sita kwenye leseni, na polisi wanaweza kuibeba skuta yenyewe. Kihalali utaiendesha kwenye kiwanja cha mtu aliyekuruhusu. Umenunua farasi wa kuzungukia uani.

Hapo hapo mtaani, skuta ya kukodi inapita mbele ya polisi bila wasiwasi. Majaribio rasmi ya kukodisha yalianza Julai 2020, na London ikaingia mwaka uliofuata. Bima ni juu ya kampuni. Mpandaji anaonyesha leseni ya udereva, hata ile ya mwanafunzi.

Vuka bahari hadi Paris, mambo yako kinyume. Aprili 2023 wakazi waliulizwa kwa kura kama skuta za kukodi zibaki. Takriban asilimia 89 ya waliopiga kura walikataa, ingawa waliojitokeza hawakufika hata asilimia 8 ya wenye haki. Ilipofika Septemba, skuta zipatazo 15,000 za kampuni za Lime, Dott na Tier zilikuwa zimeondolewa. Mwenye ya kwake anaendelea kuteleza, mradi awe na bima na umri wa miaka 14. Leseni haulizwi.

Kwa hiyo tukisema leseni tunasema nusu ya habari. Swali linalogawa soko ni bima analipa nani. Japani iliifuta leseni Julai 2023 kwa wenye miaka 16 na zaidi, lakini namba na bima ikazibakiza. Korea Kusini ilielekea upande wa pili: tangu Mei 2021 inadai leseni.

Mimi navutiwa na Wajerumani. Kanuni yao ya Juni 2019 haidai leseni. Inadai skuta ya muundo ulioidhinishwa, mwendo usiozidi kilomita 20 kwa saa, na stika ya bima nyuma ya chombo, mithili ya ile tuliyoizoea kwenye vioo vya magari. Rangi ya stika hubadilika kila mwaka, hivyo polisi humtambua aliyepitwa na wakati akiwa bado mbali. Kampuni ya kukodisha inabandika, na mwenye ya kwake anabandika. Mwaka wa bima unaanza Machi 1, na siku hiyo stika ya zamani haifai tena. Kila mmoja lazima awe amekwisha kununua nyingine.