Gitaa la Shemeji

Nilitaka tu lipendeze sebuleni. Kumbe nilikuwa nakwangua kumbukumbu ya mtu.

Karibu kila nyumba ina kitu ambacho mmoja anakiona takataka na mwenzake anakiona dhahabu. Kwetu sisi ni gitaa la besi. Lilikuwa la marehemu kaka yake mume wangu, mpigaji wa bendi ya dansi. Shemeji huyo sikumkuta. Gitaa ndilo nililolikuta, limesimama kona ya sebule, rangi nyekundu imebabuka kama ukuta wa gesti ya zamani. Mume wangu halipigi, hata vumbi halifuti. Lakini lisogeze uone!

Basi bwana, mwezi wa nne akasafiri kikazi wiki moja. Nikasema leo ndiyo leo. Nikaenda Gerezani, Kariakoo, nikanunua msasa, praima, vanishi na makopo ya rangi ya kupuliza, ile ya magari, bluu. Usishangae: kampuni ya Fender ya Marekani, iliyotoa besi yake ya Precision mwaka 1951, nayo ilitumia rangi za magari kwenye magitaa yake miaka ya 1960.

Nikatoa nyuzi nne, nikafungua skrubu za shingo, nikapiga picha waya zote kwa simu kabla fundi redio wa mtaani hajaja kuziachanisha. Kisha msasa, namba 220 halafu 400. Si lazima ufike kwenye mbao. Rangi ya kiwandani ikiwa bado imeshika, unaondoa mng'ao tu ili rangi mpya ipate pa kung'ang'ania. Palipobabuka, unasawazisha kingo.

Praima ilikaa vizuri. Rangi sasa, mh! Mvua ya masika ilikuwa imetoka kunyesha, nami nina haraka. Nikapuliza kwa karibu, nzito, ili nimalize. Ikachuruzika kama machozi, na asubuhi uso mzima ukawa na ukungu mweupe kwa sababu ya unyevu. Bado nautazama uharibifu wangu pale uani, nikasikia geti. Karudi siku mbili kabla.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nani kakwambia uliguse?"

"Nilitaka kukufurahisha."

"Mimi, au wageni wako?"

Lilinichoma, maana jibu nilikuwa nalo.

Akaligeuza. Mgongo nilikuwa nimeuziba kwa gazeti na utepe, nianze mbele kwanza. Akabandua gazeti taratibu. Katikati kulikuwa na mikwaruzo iliyochimba hadi kwenye mbao. Miaka sita mimi niliiona kama uchakavu tu.

"Hii ni bizimu ya mkanda wake," akasema. "Kila wikiendi, jukwaani. Mama alikuwa akimgombeza achomoe shati lifunike mkanda. Hakusikia."

Kisha akakaa juu ya ndoo na kulia, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia. Miaka sita ya ndoa, niliwahi kuuliza shemeji alikufa kwa nini. Alivyoishi, sikuuliza.

Mwishowe akafuta uso. "Umeshalikwangua, tulimalize. Ila mgongo hauguswi."

Tukasubiri mwezi wa saba, mvua zimekwisha. Tukasawazisha michirizi kwa msasa wa maji, tukaanza upya, safari hii mikono myepesi. Unapuliza, unaweka kopo chini, unangoja. Kwenye kungoja huko ndiko nilikomjua shemeji: alivyokuwa akimpitisha mdogo wake mlango wa nyuma wa ukumbi kwa kisingizio cha kubeba amplifaya, na alivyomwahidi kumfundisha besi "mwakani".

Leo mbele ni bluu, mgongo ni mwekundu na mikwaruzo yake yote. Mume wangu ameanza kujifunza. Anapiga vibaya, jamani! Lakini sijamwambia apunguze sauti.

UKITAKA KUJARIBU

• Muulize mwenye gitaa kwanza. Mimi niliruka hatua hii.

• Fanyia kazi nje au penye hewa, mbali na moto, na uvae barakoa ya mafundi rangi.

• Praima, rangi na vanishi ziwe za jamii moja. Zisipoelewana, rangi hukunjamana.

• Tikisa kopo dakika mbili. Puliza kutoka sentimita 25 hivi, ukianzia nje ya ukingo na kumalizia nje ya ukingo.

• Usipulize siku ya mvua.

• Likishakamilika, liache wiki tatu au nne kabla ya kulifunga. Linuse: likinuka rangi, bado.