Dumu la maji ofisini na swali ambalo Afrika Mashariki haijalijibu

Na Mwandishi Wetu wa Masuala ya Kikanda

INGIA katika ofisi yoyote Kigali, Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, pembeni utalikuta: dumu la buluu lililopinduliwa kichwa chini juu ya mashine ya maji. Likiisha, kijana wa pikipiki huleta jingine na kuondoka na lile tupu. Huko liendako huoshwa, hujazwa na kupelekwa kwa mteja mwingine. Dumu moja huweza kuzunguka hivyo kwa miaka.

Linavumilia kwa sababu madumu mengi ya aina hiyo hutengenezwa kwa polikaboneti, plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo lakini isiyovunjika kirahisi. Ndiyo inayofunika taa za mbele za magari, ndiyo ya lenzi nyingi za miwani na shiti za paa zinazoingiza mwanga. Hata ukurasa mgumu wenye picha yako katika pasipoti nyingi za kielektroniki ni polikaboneti.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki hakuna kiwanda kinachoitengeneza plastiki hii kuanzia malighafi. Viwanda vyetu hununua punje zake ng'ambo, huziyeyusha na kuzipa umbo. Kwa hiyo uamuzi wa njia ya kuitengeneza hufanywa mbali nasi, ila maji tunayanywa sisi. Umoja wa Ulaya ulipoanza Januari 2025 kuitekeleza marufuku ya kemikali iliyo kiini cha plastiki hii katika vyombo vya chakula na vinywaji, swali lilitufikia nasi: je, madumu yetu?

Shanga na viungo

Ili kulijibu, lazima kwanza tujue dumu linatoka wapi. Safari huanzia kwenye mafuta ya petroli. Humo hupatikana benzini na propilini, ambazo viwandani huunganishwa, kisha huchomwa polepole kwa oksijeni na kutoa vitu viwili kwa pamoja: fenoli na asetoni. Asetoni tunaijua, ndiyo inayoondoa rangi ya kucha.

Molekuli mbili za fenoli zikiungana na moja ya asetoni mbele ya asidi, hupatikana unga mweupe uitwao bisfenoli A, au BPA kwa kifupi. Hizo ndizo shanga za mkufu wetu. Lakini shanga peke yake si mkufu. Kinahitajika kiungo cha kuzishikanisha, nacho huitwa kaboneti. Mvutano wa miaka 70 katika sekta hii umehusu jambo moja: kiungo hicho kitoke wapi?

Gesi ya vitani

Mwaka 1953, karibu kwa wakati mmoja na bila kujuana, watafiti wawili waliipata plastiki hii: Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric nchini Marekani. Bayer iliiuza kwa jina la Makrolon, Wamarekani wakaiita Lexan.

Njia iliyotawala tangu hapo hutumia fosjini, gesi inayopatikana kwa kuchanganya klorini na kaboni monoksidi. Bisfenoli A huyeyushwa katika maji yenye kostiki soda, huwekwa pamoja na kiyeyusho kisichochangamana na maji, kisha fosjini hupitishwa humo. Pale vimiminika viwili vinapokutana ndipo mkufu unapofumwa. Joto linalohitajika si kubwa, na plastiki inayotoka ni safi. Masalio yake ni chumvi nyingi na maji machafu ya kusafishwa.

Tatizo ni gesi yenyewe. Fosjini ndiyo iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kuanzia mwaka 1915. Hunukia kama nyasi zilizokatwa karibuni. Aliyeivuta anaweza kujiona mzima kwa saa kadhaa, kisha mapafu yakaanza kujaa maji. Ndiyo maana viwanda vingi huitengeneza papo hapo na kuitumia mara moja, bila kuweka akiba kubwa. Hata hivyo mfanyakazi na jirani wa kiwanda huishi kwa kutegemea mabomba yasivuje.

Njia ya hewa ukaa

Mwaka 2002, kiwanda kilichofunguliwa Taiwan kwa teknolojia ya kampuni ya Kijapani ya Asahi Kasei kilionyesha kuwa fosjini inaweza kuachwa kabisa. Huko kiungo hutoka kwenye kabonidioksidi, ile hewa ukaa inayolaumiwa kwa mabadiliko ya tabianchi.

Hewa hiyo huunganishwa na oksidi ya ethilini, zao jingine la petroli, kisha hupitishwa hatua kwa hatua kwenye methanoli na fenoli hadi kupata difenili kaboneti. Hii ikiyeyushwa pamoja na bisfenoli A katika joto kali, huku hewa ikinyonywa nje ya mtambo, mkufu hujifuma. Fenoli inayotoka hurudishwa kazini, methanoli vilevile. Kwa hesabu ya kemia, kila tani ya plastiki humeza takriban kilo 173 za hewa ukaa, na mwishoni hubaki zao moja la kuuzwa, glikoli ya ethilini, inayotumika katika nyuzi za poliesta na maji ya rejeta.

Teknolojia hiyo imefika hadi Saudi Arabia, ambako kiwanda cha Saudi Kayan mjini Jubail kilijengwa kuzalisha tani 260,000 kwa mwaka. Taifa hilo la Ghuba limechukua mafuta yake hadi kwenye punje za plastiki. Sisi bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linajengwa kupeleka mafuta ghafi melini, na punje tutaendelea kununua.

Kinachobaki ndani ya dumu

Hapa ndipo msomaji anapaswa kuwa makini. Njia ya pili humwokoa mfanyakazi na jirani wa kiwanda. Anayekunywa maji haimgusi. Kilichobadilika ni kiungo. Shanga ni zilezile. Katika kila tani ya polikaboneti ya kawaida, iwe imepita kwenye fosjini au hewa ukaa, huingia takriban kilo 900 za bisfenoli A.

Kiasi kidogo cha BPA huweza kuhamia kwenye maji. Joto huongeza uhamaji huo. Sabuni kali zenye magadi na uchakavu pia. BPA huweza kuiga homoni ya estrojeni mwilini. Ubishi ni kuhusu kiwango. Mwaka 2023, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilishusha kiwango inachokiona salama kwa siku mara 20,000, ikitaja athari kwa kinga ya mwili. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, BfR, ilipinga hesabu hiyo, na mamlaka ya Marekani, FDA, imeshikilia kuwa viwango vilivyomo katika vyakula ni salama. Kuhusu chupa za watoto wachanga ubishi ulikwisha mapema: Ulaya na Afrika Kusini zilizipiga marufuku zenye BPA mwaka 2011, na Marekani ikafuata mwaka 2012.

Somo la mifuko

Kanda hii ina uzoefu wa kuamua kila mmoja kivyake. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Katika miaka hiyo, kilichokuwa halali upande mmoja wa mpaka kilikuwa magendo upande wa pili.

Madumu yasirudie hadithi hiyo. Mashirika ya viwango ya nchi wanachama tayari hukaa meza moja kuoanisha viwango vya bidhaa. Yanaweza kuanza na mambo matatu: kila dumu liandikwe aina ya plastiki na mwaka lilipotengenezwa, liwekewe ukomo wa kutumika, na maabara zetu zipime BPA katika maji ya kwenye madumu yaliyozeeka kwenye jua letu, badala ya kutegemea vipimo vya Ulaya pekee. Wala kubadili BPA kwa ndugu yake bisfenoli S kusihesabiwe kuwa ndiyo dawa, kwa kuwa naye anatiliwa shaka ileile.

Wakati tukisubiri, geuza dumu utazame kitako. Alama ya PC ni polikaboneti. Namba 7 peke yake ni kapu la plastiki nyingi tofauti. Usilipokee lililoshinda juani nje ya duka, usilitie maji ya moto, na lililokwaruzika hadi kufifia lirudishe kwa muuzaji.