MWANDISHI AKIFA, HADITHI INARITHIWA NA NANI?

Mtu akifa huacha shamba, nyumba, labda na ng'ombe. Hayo tumeyazoea. Lakini mwandishi wa vitabu huacha na mali nyingine, isiyoonekana kwa macho. Mali hiyo ni haki ya kuchapisha hadithi zake na kuamua nani aziendeleze. Huitwa hakimiliki. Nchini Sweden, huko Ulaya, haki hiyo hudumu miaka 70 baada ya mwandishi kufa. Basi miaka yote hiyo lazima iwe na mwenyewe.

Wako waliojiandaa. Robert Jordan wa Marekani alianza kutoa mfululizo wake wa vitabu mwaka 1990. Akaugua kabla hajaumaliza. Akawa anawasimulia watu wa nyumbani kwake jinsi hadithi itakavyokwisha, nao wakamhifadhia maneno yake. Alifariki mwaka 2007. Mkewe, Harriet McDougal, ndiye aliyekuwa mhariri wake. Akamchagua Brandon Sanderson, mwandishi aliyezipenda hadithi hizo tangu ujana wake. Kazi iliyobaki ikatoka katika vitabu vitatu, na cha mwisho kilitoka mwaka 2013. Majina ya wote wawili yamo kwenye jalada.

Sasa tuangalie yaliyotokea Sweden. Stieg Larsson alikuwa mwandishi wa habari aliyewafichua wabaguzi wa rangi. Usiku aliandika hadithi za upelelezi. Alikwisha kabidhi vitabu vitatu kwa wachapishaji. Novemba 1994? Hapana, ilikuwa Novemba 2004, moyo ukamsimama ghafla akiwa na miaka 50. Hakuona hata kitabu kimoja kikitoka. Kumbe vitabu hivyo vikauzwa mamilioni kwa mamilioni, dunia nzima!

Fedha zilikwenda wapi? Larsson aliishi na Bibi Eva Gabrielsson miaka ipatayo 30. Lakini hawakufunga ndoa. Bibi huyo anaeleza kwamba waliogopa maadui wasije wakaipata anwani yao kwenye karatasi za serikali. Wosia ulikuwepo, wa mwaka 1977, lakini haukuwa na mashahidi. Kwa hiyo kwa sheria ya Sweden ukawa karatasi tu. (Na hata huo haukumtaja Bibi Eva, mali yote ilipewa tawi la chama cha siasa.) Hivyo urithi ukaenda kwa baba yake Larsson na ndugu yake. Miaka 30 ya kuishi pamoja haikuhesabiwa.

Ndipo ukaja ugomvi wa hadithi yenyewe. Warithi na wachapishaji wakamtaka David Lagercrantz aandike kitabu cha nne. Bibi Eva akapinga, akisema kazi ya marehemu isiguswe. Hakuwa na haki ya kuzuia. Kitabu kikatoka mwaka 2015, kikafuatwa na viwili vingine, 2017 na 2019. Lagercrantz hakutumia kurasa alizoacha marehemu. Alitunga mwenyewe, akichukua tu wahusika.

Wasomaji nao waligawanyika. Wengine walifurahi kukutana tena na watu wa hadithi waliowapenda. Wengine walisema sauti si ile. Sisi tunaona wote wana haki yao, maana msomaji naye huwazoea watu wa kitabuni kama majirani.

Mwaka 2022 mwandishi wa tatu, Karin Smirnoff, akaendeleza hadithi hizo. Bibi Eva yeye ameandika kitabu chake mwenyewe, kuhusu maisha yake na Larsson. Hicho hakuhitaji ruhusa ya mtu.